Mahindi yana Kibaigwa, zabibu zina nini?

MSAFIRI atokaye Morogoro kwenda Dodoma hawezi kuipita Kibaigwa bila kuitambua. Malori yaliyosheheni magunia, mizani, wapagazi na madalali huutangaza mji huo mdogo wa Wilaya ya Kongwa kuwa kitovu cha biashara ya mahindi katika kanda ya kati. Nafaka ya Kiteto, ya Kongwa yenyewe na ya wilaya nyingine za jirani hufikishwa hapo, hupimwa, hupatiwa bei, kisha huendelea na safari kwenda Dar es Salaam na kwingineko, pengine hata kuvuka mipaka ya nchi.

Mkulima anayefika katika Soko la Kimataifa la Nafaka la Kibaigwa anaweza kuuza leo. Bei isipomridhisha, anaweza kulihifadhi gunia lake hadi wiki ijayo au mwezi ujao. Uwezo huo wa kungoja ndio silaha yake kubwa mbele ya mnunuzi.

Mwendo usiofika kilometa 100 kuelekea magharibi, katika kata za Jiji la Dodoma na Wilaya ya Chamwino, yupo mkulima mwingine mwenye zao la thamani kubwa zaidi kwa kilo, lakini asiye na silaha hiyo. Huyu ni mkulima wa zabibu. Zao lake likishaiva humpa siku chache tu za kuuza, na zikipita hizo hakuna tena cha kujadiliana bei.

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu zabibu za Dodoma umezunguka swali moja: soko liko wapi? Swali hilo ni la haki, lakini nyuma yake kuna jingine lisiloulizwa mara nyingi: mkulima anapeleka sokoni kitu gani? Anapeleka tunda linaloharibika upesi, lisilo na jina la kumlinda.

Uzoefu wa nchi zilizotangulia katika zao hili, na hasa Ureno, unaonyesha kwamba bei ya zabibu hujengwa na vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza ni mahali pa kuligeuza tunda kuwa kinywaji kinachoweza kungoja. Cha pili ni jina la mahali na la mbegu ambalo mtu wa nje haruhusiwi kulitumia. Dodoma ina upungufu wa cha kwanza, na cha pili haijakifanyia kazi ipasavyo.

Tunda lisilongoja

Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 iliweka utaratibu wa mkulima kupeleka mazao ghalani, kupewa stakabadhi na kuitumia kama dhamana ya mkopo wakati akisubiri bei. Utaratibu huo umejulikana sana katika zao la korosho, na unaeleweka kwa mazao makavu kama mahindi. Zabibu mbichi haziwezi kuingia humo. Hakuna ghala la kawaida litakalozipokea leo na kuzitoa salama baada ya miezi miwili.

Ghala la zabibu ni tangi. Zabibu zikishakamuliwa na kuchachushwa huwa kile ambacho wakulima na wasindikaji wa Dodoma hukiita mchuzi, yaani mvinyo ghafi ambao haujakamilishwa wala kutiwa kwenye chupa. Mchuzi ukitunzwa katika matangi safi yasiyopitisha hewa huweza kukaa miezi mingi bila kuharibika. Mwenye tangi ndiye mwenye uwezo wa kungoja bei. Asiye nalo hulazimika kuuza.

Ndiyo maana msimu wenye mavuno mengi huweza kugeuka kuwa msiba. Viwanda vikishajaza matangi yake husimamisha ununuzi, na bei ya kilo moja imewahi kushuka hadi chini ya shilingi 1,000, wakati gharama za nguzo, waya, samadi, viuatilifu na vibarua zikibaki palepale. Mkulima hubakiwa na njia tatu: kumwachia dalali kwa bei yoyote, kupanga ndoo kando ya barabara kuu, au kuziacha zikauke juu ya waya.

Uzito wa hali hiyo unaongezwa na tabia ya zao lenyewe. Mwenye mahindi akikata tamaa mwaka huu, mwakani anaweza kupanda alizeti au mtama katika shamba lilelile. Mwenye zabibu amewekeza katika mti unaomweka takriban miaka miwili kabla ya mavuno ya maana, na unaoweza kuzaa kwa miongo kadhaa. Kung'oa mizabibu ni kufuta akiba ya familia.

Kishawishi cha kung'oa nacho kimeongezeka. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na mji huo kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, ardhi ya pembezoni imepanda thamani. Mashamba yaliyokuwa mbali na mji yanajikuta jirani na viwanja vya makazi. Mkulima ambaye zabibu zake hazina bei ya uhakika anaposhawishiwa na mnunuzi wa viwanja, si rahisi kumlaumu akikubali.

Kutoka karanga hadi zabibu

Kongwa na Dodoma zina kumbukumbu chungu ya mazao yaliyoamuliwa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga kwa lengo la kuondoa uhaba wa mafuta ya kula huko Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1951 mradi huo ulifutwa, ukiwa umegharimu zaidi ya pauni milioni 36. Matrekta yalishindwa na visiki na mizizi ya vichaka, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua zilizohesabiwa kwenye karatasi hazikunyesha kama ilivyotarajiwa.

Zabibu ziliingia mkoani kwa mlango mdogo. Historia yake hutajwa kuanzia misheni ya Bihawana, nje kidogo ya Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu kwa mahitaji yao, ikiwemo divai ya misa. Zao hilo halikuwa na bajeti kubwa wala makao makuu London, lakini lilidumu kwa sababu liliafikiana na mahali.

Sababu za kuafikiana huko zinaeleweka. Dodoma iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, katika mwinuko wa zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, ambayo karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Jua la mchana hukuza sukari katika tunda, na ubaridi wa usiku husaidia kuhifadhi ukali wake, mambo mawili ambayo mtengenezaji wa mvinyo huyahitaji kwa pamoja.

Upo pia upekee ambao nchi nyingi za mvinyo hazina. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima huuamsha kwa kuupogoa, na kwa kupanga vyema tarehe ya kupogoa huweza kuvuna mara mbili, kati ya Februari na Aprili na tena Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayalingani. Yale ya masika huandamwa na magonjwa ya ukungu, hasa ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na maji mengi hupunguza utamu. Yale ya kiangazi huiva katika hewa kavu, na ndiyo yanayompa mtengenezaji zabibu safi zenye sukari ya kutosha. Tofauti hiyo ni mali, kama ingeandikwa kwenye chupa na kulipiwa shambani.

Baada ya Uhuru serikali ililichukua zao hili kama njia ya kuinua mkoa uliozoea ukame na njaa. Utafiti wa zabibu uliwekwa Makutupora, ambako hadi leo kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Usindikaji ulikabidhiwa kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO. Kampuni hiyo ilipoanguka, zao nalo lilidhoofika, kwa kuwa mlango pekee wa kupitishia mavuno mengi ulikuwa umefungwa.

Uhai ulirejea katika miaka ya 2000 baada ya wasindikaji binafsi kujitokeza, miongoni mwao CETAWICO ya Hombolo na Alko Vintages ya Dodoma. Historia hiyo ina funzo moja. Zao limekuwa likifa na kufufuka pamoja na mnunuzi, kwa sababu thamani yake yote imekuwa mikononi mwa mwenye kiwanda. Kijiji hakijawahi kuwa na sehemu ya thamani hiyo ambayo kiwanda kikifungwa haiondoki nacho.

Somo la Ureno

Ureno ni nchi ndogo, takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa Tanzania. Hata hivyo ina zaidi ya aina 250 za zabibu zinazohesabiwa kuwa za asili ya huko, na nyingi kati yake hazijulikani sana nje ya mipaka yake. Wakati biashara ya mvinyo duniani ilipotekwa na majina machache ya Kifaransa, kama Cabernet Sauvignon na Chardonnay, Wareno wengi waliendelea na mbegu zao.

Kila eneo likashika yake. Bairrada inajulikana kwa zabibu nyekundu iitwayo Baga. Dão ina Encruzado, nyeupe. Bucelas, karibu na Lisbon, ina Arinto. Monção na Melgaço, mpakani na Hispania, zina Alvarinho. Katika Colares, ufukweni mwa Atlantiki, zabibu ya Ramisco hupandwa kwenye mchanga mzito, ambao ulimzuia mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19 asiifikie mizizi yake.

Mahali napo palilindwa kisheria mapema. Mwaka 1756, chini ya waziri anayejulikana katika historia kama Marquês de Pombal, mipaka ya eneo la mvinyo la bonde la mto Douro iliwekwa ili kukomesha ulaghai wa watu waliouza mvinyo wa kughushi kwa jina la Porto. Maeneo ya Vinho Verde, Dão na Colares yaliwekewa mipaka yake mwaka 1908. Tangu hapo, jina la mahali likawa mali ya wanaolima mahali hapo.

Hata hivyo jina peke yake halikutosha. Katika Douro wakulima walizoea kuchanganya mbegu nyingi ndani ya shamba moja, kiasi kwamba haikuwa rahisi kujua ipi inabeba sifa na ipi inajaza ndoo. José Ramos Pinto Rosas na João Nicolau de Almeida walizichunguza moja baada ya nyingine, na mwaka 1981 wakapendekeza tano: Touriga Nacional, Touriga Francesa, Tinta Roriz, Tinta Barroca na Tinto Cão. Touriga Nacional ilikuwa imeachwa na wakulima wengi kwa sababu huzaa kidogo. Leo ndiyo zabibu ya Ureno yenye sifa kubwa kuliko zote nyekundu.

Baada ya nchi hiyo kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, mfumo wake ulipangwa katika ngazi. Ngazi ya juu, iitwayo DOC, ina mipaka midogo na masharti makali kuhusu mbegu na kiasi cha mavuno. Chini yake upo mvinyo wa kimkoa, Vinho Regional, wenye eneo pana na masharti mepesi, unaomruhusu mkulima kuchanganya mbegu za asili na za kigeni. Mwaka 2009 mikoa miwili ya mvinyo, Estremadura na Ribatejo, ilibadili majina na kuwa Lisboa na Tejo, majina ambayo mnunuzi wa nje huyatambua kwa urahisi zaidi. Wareno hulitunza jina kama mwenye ng'ombe anavyoitunza alama ya zizi lake.

Makutupora, jina lililo wazi

Dodoma nayo imepokea mbegu nyingi. Chenin Blanc ilitoka bonde la Loire na Syrah bonde la Rhône, yote mawili ya Ufaransa. Kutoka Italia zilikuja Aglianico, Teroldego na Marzemino. Zote zimepata makazi kwenye udongo wa Ugogo, na baadhi zimetoa mvinyo wa kusifika. Lakini kila moja ina kwao, na itapimwa daima kwa mvinyo wa kwao. Mnunuzi wa Nairobi au Dubai anayetaka Syrah ana chupa za Ufaransa, Australia na Afrika Kusini za kuchagua, nyingi zikitoka katika viwanda vikubwa mara nyingi kuliko vya Dodoma.

Ipo mbegu moja isiyo na mashindano ya namna hiyo. Ni zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, iliyochukua jina la eneo la kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Inalimwa sana na wakulima wadogo, ambao wameizoea, wanajua namna ya kuipogoa na wanajua inavyostahimili misimu yote miwili.

Wapo watakaosema kwamba hakuna mzabibu wa asili Tanzania, kwa kuwa zao lote lililetwa. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Hata mizabibu ya Ulaya ilisambazwa na mikono ya watu kwa maelfu ya miaka. Mbegu huwa ya mahali kwa miaka iliyokaa hapo, kwa watu walioichagua na kuizidisha, na kwa jina ambalo haibebi penginepo. Karafuu haikuota Zanzibar yenyewe, na hakuna anayeinyima Zanzibar karafuu yake.

Tatizo ni kwamba jina hilo liko wazi kama zizi lisilo na komeo. Hata kulitamka kunahitaji ufafanuzi, maana Tanzania ina Makutupora zaidi ya moja: iko ya Dodoma, na iko ya Manyoni mkoani Singida, inayotajwa mara kwa mara katika ujenzi wa reli ya kisasa ya SGR. Jina likitaka kulindwa, kwanza lazima iandikwe ni Makutupora ipi, mipaka ya mashamba inaishia wapi, na ni mzabibu gani hasa unaostahili kuitwa hivyo.

Sheria inauliza nini?

Haitakuwa haki kusema serikali haijafanya lolote. Katika mwaka wa fedha 2017/18, mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 uliwekewa ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 kwa lita, wakati ule wenye zabibu za nje kwa zaidi ya asilimia 25 ulitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Pengo hilo liliwapa wasindikaji sababu ya kununua kwa mkulima wa Dodoma badala ya kuagiza mvinyo ghafi kutoka nje.

Lakini sheria ya kodi huuliza swali moja tu: je, zabibu ni za nchini? Haiulizi zimetoka kijiji gani, ni za mbegu ipi, wala zimevunwa masika au kiangazi. Mvinyo uliotengenezwa kwa uangalifu na ule uliotengenezwa kwa haraka hukutana rafuni chini ya neno lilelile, Dodoma. Mmoja ukimvunja moyo mnywaji, yote miwili huhukumiwa.

Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 nayo iliandikwa kwa ajili ya chapa, na chapa kwa kawaida ni ya kampuni. Mwenye kampuni akiuza kiwanda, huondoka na chapa. Kijiji kilicholima hakibaki na kitu. Zanzibar ilikwenda hatua zaidi katika sheria yake ya mali ya viwanda ya mwaka 2008, iliyotambua viashiria vya kijiografia, yaani majina ya mahali yanayobeba sifa ya bidhaa.

Kimataifa, mvinyo una upendeleo wa pekee. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani, unakataza kulitumia jina la mahali kwa mvinyo usiotoka hapo, hata mtu akiongeza maneno kama "mfano wa" au "mtindo wa". Nchi zilizo nyuma kimaendeleo, Tanzania ikiwemo, zimepewa muda hadi mwaka 2034 kabla ya kulazimika kuutekeleza mkataba huo kikamilifu. Msamaha huo hauzuii nchi kuanza mapema pale inapoona faida, na haimlindi nje mtu asiyelilinda jina lake nyumbani.

Afrika ina mifano ya nguvu ya majina. Ethiopia ilianza mwaka 2005 kuomba usajili wa majina ya kahawa zake za Yirgacheffe, Harar na Sidamo nchini Marekani, ikaingia katika mvutano na kampuni ya Starbucks, na mwaka 2007 pande hizo mbili zikafikia makubaliano. Afrika Kusini, ambayo mvinyo wake umejaa katika maduka ya Tanzania, ililazimika katika makubaliano yake na Umoja wa Ulaya kukubali kuacha hatua kwa hatua kuita mvinyo wake "port", kwa sababu jina hilo ni la Wareno.

Tahadhari kwa wenye pupa

Ureno hiyohiyo ina makosa ya kujifunza. Katika miaka ya 1940 serikali ya Salazar iliwapa vyama vya ushirika vya Dão haki ya pekee ya kununua zabibu kwa wakulima. Makampuni binafsi yalilazimika kununua mvinyo uliokwisha kutengenezwa. Ushindani ulipotoweka, ubora nao ulishuka, na eneo lenye udongo mzuri na mbegu nzuri likabaki na sifa mbaya kwa miongo kadhaa, hadi utaratibu huo ulipovunjwa baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Ulaya.

Somo hilo lina uzito Tanzania, ambako kila zao linapoyumba hutokea sauti ya kutaka mnunuzi mmoja. Ushirika unaompa mkulima tangi ni ukombozi. Ushirika unaomfungia mkulima milango mingine yote ni dalali mwenye muhuri.

Tahadhari ya pili ni ugomvi wa mipaka. Kwa miaka mingi ndani ya eneo la Vinho Verde, wakulima wa Monção na Melgaço pekee ndio walioruhusiwa kuandika jina la Alvarinho kwenye chupa zao. Majirani waliopanda mbegu hiyohiyo walilalamika, na mwaka 2015 yalifikiwa makubaliano ya kuufungua mlango huo baada ya kipindi cha mpito. Jina likishakuwa na thamani, swali la nani yumo na nani yuko nje huwa kali. Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na Chamwino zitaliuliza, na ni heri lijibiwe mapema, wakati jina bado halijaleta fedha za kugombaniwa.

Tahadhari ya tatu ni ya shambani. Mkulima anayelipwa kwa kilo tu atatafuta kilo: atamwagilia hadi karibu na siku ya kuvuna na atakata vishada kabla sukari haijafikia kiwango. Jina zuri likipakwa juu ya zabibu za namna hiyo litadumu msimu mmoja.

Linalowezekana

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Vyama vya ushirika vya wakulima vikisaidiwa kumiliki matangi na mtaalamu wa kuyasimamia, zabibu zinazokosa mnunuzi zinaweza kuwa mchuzi ndani ya siku hizohizo. Mchuzi uliopimwa na kupewa daraja unaweza kuwekewa stakabadhi, na mkulima wa zabibu akaonja kwa mara ya kwanza uwezo wa kungoja ambao mwenzake wa mahindi anao.

Ya pili ni bei ya uwazi. Kibaigwa imeonyesha thamani ya kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi wengi mahali pamoja, mbele ya mizani. Zabibu zinahitaji mizani na kipima sukari, pamoja na bei ya kila daraja inayotangazwa kabla ya mavuno, ili mkulima ajue anachopata akisubiri wiki moja zaidi, na anachopoteza akikata mapema.

Ya tatu ni kazi ya utafiti kama ile iliyofanyika Douro: kuichambua mbegu ya Makutupora, kuchagua mizabibu iliyo bora ndani yake, kuisambaza miche safi kwa wakulima, na kuandika kwa lugha ya kisheria sifa zake ni zipi.

Ya nne ndiyo jina. Busara inaelekeza kuanza kama Wareno walivyofanya kwa mvinyo wao wa kimkoa, kwa eneo pana na masharti machache yanayotekelezeka: zabibu zote zitoke ndani ya mipaka ya Dodoma, mbegu itajwe, msimu wa mavuno utajwe. Ngazi ya juu zaidi, yenye jina la Makutupora, inaweza kufuata pindi wakaguzi watakapokuwepo na wakulima watakapokuwa wameuelewa mfumo. Mipango ya jiji nayo ingepaswa kuyatambua mashamba ya zabibu kama ardhi yenye kazi yake, kwa sababu jina la mahali halina maana pale mahali penyewe pakishajengwa nyumba.

Wakati wa kuanza ni sasa. Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imeusogeza mji huo karibu na walaji wengi zaidi nchini, na makao makuu ya nchi huleta wageni wenye fedha na udadisi. Watanunua mvinyo. Haijaamuliwa bado kama sehemu ya fedha hizo itafika hadi kwa mwenye jembe.

Mahindi yaliyopimwa Kibaigwa yakifika Tandale hayaulizwi yametoka shamba gani, kwa sababu unga ni unga. Zabibu ni miongoni mwa mazao machache ambayo mlaji yuko tayari kuuliza yalikotoka, na kulipia jibu. Mkulima wa Dodoma analo jibu hilo tayari. Kilichobaki ni kulifanya liwe mali yake.